Somo la 8: Ni Mungu Aliyesema?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Samweli 3, 1 Wafalme 13:1–32, Kumbukumbu la Torati 13:1–4, Yeremia 23:25–32, Yohana 9, Luka 24:13–35, 1 Wathesalonike 5:19–21.

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 5:20, 21. Likariri kutoka katika Biblia yako, na uangalie jinsi Paulo anavyoweka amri mbili pamoja: unabii usidharauliwe, na kila jambo lipimwe.

Kipindi cha ushuhuda ni kipindi kinachopendwa katika makanisa mengi. Mmoja anasimama na kusema kwamba alisikia sauti usiku. Mwingine aliota ndoto. Mwingine hakuona wala kusikia kitu, ila alipoombewa amani ilimjaa ambayo hajawahi kuwa nayo. Washiriki wanaitikia “Amina,” wimbo unaimbwa, na ibada inaendelea. Ni mara chache mtu anapouliza, hata kimoyomoyo: Je, jambo hili lililompata ndugu yetu linatufundisha lolote kumhusu Mungu, au linatuambia tu jinsi moyo wake ulivyokuwa usiku ule?

Wako wanaojibu kwamba hisia ni hisia tu, na hakuna awezaye kumjua Mungu kwa njia hiyo. Wako wanaojibu kinyume: aliyeona ameona, na wewe ambaye hukuona unyamaze. Biblia haiwaungi mkono hawa wala wale. Ukiondoa humo kijiti cha Musa, maono ya Isaya hekaluni na nuru ya njia ya Dameski, kinachobaki ni kidogo. Lakini Biblia hiyo hiyo inawataja watu walioota, wakaamini ndoto zao kwa moyo wote, wakapotea na kupoteza wengine.

Juma hili tunajifunza kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huja yameshikana: lile lililompata mtu, na lile analosema kwamba lina maana gani.

JUMAPILI
Maji ya Ngarambe

Nanganga ni kijiji cha njia panda. Hapo barabara ya Ruangwa inaachana na ile iendayo Masasi, katika bonde la Mto Lukuledi. Ukielekea upande wa Lindi unafika Nyangao; ukielekea upande wa Masasi unafika Ndanda. Katika mwaka 1905 njia hii ilipitiwa na habari iliyobadili maisha ya kila nyumba.

Habari yenyewe ilianzia mbali, upande wa kaskazini, kwenye milima ya Umatumbi. Huko Ngarambe aliishi mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Wazee waliohojiwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba mwaka 1904 alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akaingia katika kidimbwi cha maji, akakaa humo hata watu wake wakadhani amekufa, kisha akatoka akiwa mkavu. Alipotoka alianza kusema. Watu walimiminika kwake kutoka pande zote. Aliwapa maji yaliyochanganywa na dawa, na fundisho lilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji.

Msomaji Mkristo asikimbilie kucheka. Watu wale walikuwa na sababu ya kulia. Walilazimishwa kulima pamba iliyowanufaisha wengine, walitozwa kodi, walichapwa viboko. Kilio chao kilikuwa cha kweli. Tena Kinjikitile aliwaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwa na desturi ya kusimama pamoja, jambo ambalo watawala hawakulitazamia. Wala hakuna sababu ya kudhani kwamba alikuwa mlaghai. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, na vita ikaendelea bila yeye kwa sababu watu walikuwa wameamini.

Mwishoni mwa Agosti mwaka ule moto ulifika kusini. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na misheni ya Waanglikana ya Masasi ikachomwa pia. Mwezi huo huo, tarehe 30, maelfu ya wapiganaji walikwenda kuishambulia boma ya Mahenge wakiwa na imani kwamba risasi hazitawapata. Bunduki za rashasha ziliwaua kwa mamia. Vita ilipokwisha mwaka 1907, mashamba na maghala yalikuwa yameteketezwa na jeshi la Wajerumani kwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika hata 300,000.

Soma Yeremia 23:25–32. Mungu anawalaumu manabii hawa kwa kuota ndoto, au kwa jambo jingine? Angalia hasa fungu la 28, ambapo ndoto inalinganishwa na makapi na neno la Mungu na ngano.

Hebu tutenganishe sasa. Kwamba jambo kubwa lilimpata Kinjikitile, hilo si lazima mtu alikane. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa kando ya kidimbwi kile. Lakini kwamba maji yanazuia risasi ni dai, na dai lina njia ya kupimwa. Lingeweza kupimwa Ngarambe kwa mbuzi mmoja na bunduki moja. Lilipimwa Mahenge kwa miili ya vijana.

Kuna kosa jingine ambalo wasomaji wa kanisa huliangukia hapa. Wengine wamesoma habari ya vita hii na kusema: Wajerumani walishinda, kwa hiyo Mungu alikuwa upande wao. Hili nalo ni dai, nalo halisimami. Bunduki ya rashasha hupiga vilevile ikiwa mikononi mwa mwenye haki na mikononi mwa mwovu. Ushindi wa jeshi lililochoma vyakula vya watoto haumfunulii mtu tabia ya Mungu, na anayedhani unamfunulia anasoma matukio kwa namna ile ile iliyowapoteza wapiganaji wa Mahenge.

JUMATATU
Kijana Aliyeitwa Mara Tatu

Soma 1 Samweli 3:1–10. Kwa nini Samweli alimkimbilia Eli mara tatu? Fungu la 7 linatoa sababu gani?

Sauti aliyoisikia Samweli ilikuwa ya Mungu kweli, na bado hakuijua. Aliisikia vizuri, kwa masikio yaliyo wazi, ikamwita kwa jina lake, naye akaamka na kwenda kwa mzee Eli. Alifanya hivyo mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kama kusikia peke yake kungetosha, asingehitaji kuinuka kitandani hata mara moja.

Aliyemsaidia ni nani? Ni Eli, kuhani ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka na ambaye nyumba yake ilikuwa imekwisha kuhukumiwa. Hili linafariji na pia linatia hofu. Eli hakuisikia sauti. Hakupata maono yoyote usiku ule. Lakini alikuwa amekaa na mambo ya Mungu miaka mingi kiasi cha kutambua kinachotokea, akamwambia kijana namna ya kuitika. Kwa hiyo aliyesikia hakuelewa, na aliyeelewa hakusikia. Mungu angeweza kumweleza Samweli mwenyewe. Alipendelea kumpitisha kwa mzee wake.

Katika kanisa la leo mara nyingi mambo huenda kinyume. Aliyeota ndoto anahesabiwa kuwa ndiye pekee awezaye kuieleza, na mzee wa kanisa anayeuliza swali anaonekana kuwa mtu wa imani haba. Ingekuwa hivyo Shilo, Samweli angelala hadi asubuhi bila kujua ni nani aliyemwita.

Soma sasa 1 Samweli 3:11–20. Ujumbe alioupokea Samweli ulimpendeza? Ulimpa cheo juu ya Eli, au ulimtia woga? Na Israeli wote, kuanzia Dani hata Beer-sheba, walijuaje kwamba amewekwa kuwa nabii?

Jibu la swali la mwisho limo katika fungu la 19. Halisemi kwamba watu waliamini kwa sababu Samweli alisimulia vizuri habari za usiku ule. Miaka ilipita, na maneno yake hayakuanguka chini. Kumjua nabii kulichukua muda, kama inavyochukua muda kuujua mkorosho: unapandwa, unasubiriwa, na hakuna anayekuambia ubora wa korosho zake mwaka uliopandwa.

JUMANNE
Malaika Ambaye Hakuwapo

Soma 1 Wafalme 13:11–24. Mtu wa Mungu alikuwa na agizo gani alilolipata mwenyewe? Kwa nini alilivunja?

Sura hii inasumbua, na walimu wengi huiruka. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa amemkemea mfalme Yeroboamu mbele ya madhabahu. Ishara ilitokea hapo hapo. Alikuwa ameagizwa asile mkate wala asinywe maji mahali pale, na alikuwa amekataa hata karamu ya mfalme. Kisha akaja mzee, nabii mwenzake, mwenye mvi na heshima, akamwambia kwamba malaika amesema naye. Biblia inaongeza maneno mafupi: mzee alikuwa anasema uongo.

Angalia kwamba hakushawishiwa kwa fedha, wala kwa mwanamke, wala kwa vitisho. Alishawishiwa kwa ushuhuda. Mtu aliyemkatalia mfalme alishindwa kumkatalia mzee aliyetaja malaika, pengine kwa sababu aliona aibu kumuuliza mzee swali. Kwa desturi zetu ni vigumu kumwuliza mtu mwenye umri wa baba yako, “Mzee wangu, Mungu alikuambia lini kwamba amebadili neno lake?” Lakini swali hilo moja, likiulizwa kwa adabu, lingemwokoa na yule simba.

Soma Kumbukumbu la Torati 13:1–4. Je, ishara ikitimia, hilo linatosha?

Musa anakwenda mbali kuliko tunavyotarajia. Hata muujiza ukitokea kweli, hata ndoto ikitimia, kama unamvuta mtu amwache Bwana, asifuatwe. Tukio halipimwi kwa ukubwa wake.

Mwaka 2011 Tanzania nzima iliangalia upande wa Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana na wengi kama Babu, alisema kwamba Mungu alimwonyesha kwa ndoto mti wa kuchemsha, na kwamba kikombe kimoja chake kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani na magonjwa mengine sugu. Bei ilikuwa shilingi 500, ndogo kiasi cha kumwondolea shaka ya kutafuta utajiri. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge. Walikwenda maskini na viongozi, Wakristo na Waislamu. Wagonjwa wengine walifia njiani wakiwa katika foleni. Wengine walirudi nyumbani na kuacha dawa za kufubaza virusi, kwa sababu kama Mungu amekwisha kuponya, kidonge ni cha nini?

Hapa swali la juma hili linaacha kuwa la wasomi. Mzee aliota, hilo ni lake na Mungu wake. Lakini “virusi vimekwisha mwilini” ni neno ambalo maabara ya hospitali ya wilaya inaweza kulisema au kulikanusha kwa tone la damu. Kupima huko si kumkufuru Mungu. Wale kumi wenye ukoma ambao Yesu aliwaponya aliwatuma kwa makuhani wakakaguliwe (Luka 17:14). Uponyaji unaotoka kwa Mungu haukimbii ukaguzi.

JUMATANO
Aliyejua Jambo Moja

Soma Yohana 9 yote. Kisha orodhesha majina ambayo mtu huyu anamwita Yesu katika mafungu ya 11, 17, 33 na 38.

Baada ya siku mbili za maonyo, ni vema tusimame hapa, maana katika sura hii yupo mtu ambaye tukio lilimpa maarifa kamili.

Alizaliwa kipofu. Alipakwa tope, akanawa katika birika la Siloamu, akarudi akiona. Majirani walibishana kama ni yeye. Wazazi waliogopa wakamtupia yeye maswali. Mafarisayo, watu waliosoma, walimwambia kwamba aliyemponya ni mwenye dhambi, kwa sababu alifanya kazi siku ya Sabato. Yeye alijibu, katika fungu la 25, kwamba hilo halijui. Anajua jambo moja tu, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona.

Hapo pana unyofu ambao wengi wanaotoa ushuhuda wameupoteza. Hakuongeza. Hakusema kwamba alimwona malaika birikani. Hakudai kujua kilicho ndani ya moyo wa Yesu kabla hajakutana naye uso kwa uso. Alishika lile alilokuwa nalo na hakuliachilia, ingawa lilimgharimu nafasi yake katika sinagogi. Mafarisayo walikuwa na maandiko mikononi na mtu aliyeponywa mbele ya macho yao, wakakataa kuviweka pamoja.

Maarifa yake yalikua. Kwanza alimwita mtu aitwaye Yesu. Kisha, kwa kubanwa na maswali, akasema ni nabii. Kisha akafikiri kwa sauti mbele ya wakubwa wake: kama mtu huyu asingetoka kwa Mungu, asingeweza kutenda neno hili. Hiyo ni hoja, na ni hoja nzuri. Mwishoni Yesu mwenyewe alimtafuta, akamwambia yeye ni nani, naye akasujudu. Macho yalifunguliwa Siloamu, lakini kumjua Mwana wa Mungu kulikuja kwa Yesu kujitambulisha kwa neno lake. Tukio lilimfikisha mlangoni. Lisingetokea, asingefika.

Kwa hiyo jibu la swali ni ndiyo, tukio la kiroho linaweza kumpa mtu maarifa ya Mungu. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, kwa kuwa kinatumia neno “kumjua” kwa mtu na “kujua kwamba” kwa habari. Mke anamjua mumewe kwa namna ambayo jirani anayejua mshahara wake, kijiji chake na namba yake ya simu hamjui. Hakuna mtu atakayemshawishi mke huyo kwamba mume wake hayupo. Lakini mke huyo huyo akisema, “Mume wangu atarudi Ijumaa,” tunaweza kumuuliza, “Amekuambia?” Kumjua kwake hakumfanyi asikosee kuhusu Ijumaa.

Tafakari: Ni jambo gani moja unalolijua kwa hakika ambalo Mungu amekutendea? Jaribu kulisema kwa sentensi moja bila kuongeza lolote.

ALHAMISI
Shamba la Mahindi na Mzani

Waadventista hawana sababu ya kuwatazama wengine kwa dharau katika jambo hili. Historia yao ilianza kwa tukio lililofasiriwa vibaya. Tarehe 22 Oktoba 1844, makumi ya maelfu ya waumini wa Marekani walimngojea Yesu arudi. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Furaha yao ilikuwa ya kweli, toba yao ilikuwa ya kweli, ndugu walipatanishwa na madeni yakalipwa. Na Yesu hakuja. Uhakika wote ule, uliothibitishwa na amani na machozi na nyimbo, haukuifanya tafsiri yao kuwa sahihi.

Asubuhi iliyofuata, mkulima mmoja aitwaye Hiram Edson, wa Port Gibson katika jimbo la New York, alisali na wenzake katika ghala lake, kisha akakatiza katika shamba la mahindi kwenda kuwafariji waumini wengine. Akiwa katikati ya shamba alipata ufahamu wa ghafula: Kristo, kuhani mkuu, alikuwa ameingia Patakatifu pa Patakatifu pa hekalu la mbinguni.

Alifanya nini na ufahamu huo? Hili ndilo linalostahili kukumbukwa kuliko shamba lenyewe. Hakwenda kuhubiri kwamba Mungu amesema naye katika mahindi. Yeye, kijana mwalimu O. R. L. Crosier na daktari F. B. Hahn walikaa na Biblia, wakachunguza Waebrania, Walawi na Danieli kwa miezi mingi. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapwa katika gazeti la Day-Star tarehe 7 Februari 1846, na yalisimama au kuanguka kwa mafungu ya Biblia yaliyotajwa humo. Msomaji ambaye hakuwahi kusikia habari za shamba aliweza kufungua Biblia yake na kuyapima.

Kanisa hilo hilo lilijaribiwa tena. Kati ya mwaka 1899 na 1901, huko Indiana, wahubiri walifundisha kwamba mwumini anaweza kupata mwili mtakatifu usioweza kutenda dhambi. Mikutano ilikuwa ya ngoma na kelele, watu walianguka wakazimia, na walipoamka waliambiwa kwamba wamepokea. Ellen White alilikemea fundisho hilo waziwazi katika mkutano mkuu wa kanisa huko Battle Creek mwaka 1901. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maono tangu Desemba 1844. Hakuwa na shida na maono. Alipima fundisho.

Soma 1 Wathesalonike 5:19–21 na Matendo 17:11. Waberoya walimsikia mtume ambaye Yesu alimtokea. Kwa nini wanasifiwa kwa kumchunguza?

Kila mkulima wa korosho wa Masasi na Newala anajua tofauti kati ya mzani wa ghala na kipimo cha kangomba. Ghalani korosho hupimwa uzito, na chache hupasuliwa ili kuona kiini, kwa sababu ganda zuri laweza kuficha kiini kilichooza. Mkulima mwenye korosho safi hakasiriki zikipasuliwa. Anasogea karibu aangalie. Mnunuzi wa kangomba naye anapima, lakini kwa kopo lake mwenyewe, na kopo hilo huwa halimpunji mwenye nalo.

Sasa fikiria kwamba katika darasa la Shule ya Sabato huko Nanganga anasimama mama mmoja. Mume wake alifariki mwaka jana. Anasema kwamba katika ndoto alimwona mumewe amevaa nguo nyeupe, akamwambia auze shamba la mikorosho na kumpa fedha mhubiri fulani anayepita vijijini. Anasema kwamba alipoamka alikuwa na amani kubwa. Darasa lifanye nini?

Lisimcheke, kwa kuwa Paulo amekataza kudharau. Ndoto yake ni ya kweli kwa maana kwamba aliiota, na huzuni yake ni ya kweli zaidi. Lakini darasa linajua tayari, kutoka Mhubiri 9:5, 6, kwamba wafu hawajui neno lolote. Kwa hiyo aliyesema katika ndoto hakuwa mume. Linajua pia kwamba Yesu aliwakemea waliokula nyumba za wajane (Marko 12:40). Hapo mafungu mawili yamepasua korosho na kiini kimeonekana. Kinachobaki ni kazi ndefu zaidi, ambayo haikosi wa kuifanya ila hukosa mwenye muda: kwenda nyumbani kwa mama huyo, kukaa naye, kumsaidia kupalilia kabla ya msimu, na kumsikiliza akimzungumzia mume wake.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Luka 24:13–35. Wanafunzi wawili wa Emau walihisi mioyo yao ikiwaka, lakini angalia ilikuwa lini. Iliwaka njiani, Yesu alipokuwa akiwafunulia Maandiko, na wao hawakuitambua hisia hiyo mpaka baadaye. Yesu angeweza kujionyesha kwao tangu hatua ya kwanza na kumaliza huzuni yao. Aliwashikia macho, akaanza na Musa na manabii wote, na mkate ukamegwa mwishoni. Mtu aweza kuuliza kwa nini. Pengine ni kwa sababu macho ya wanafunzi wale yangeonja mara moja tu, na vizazi vilivyofuata, pamoja na wasomaji wa Nanganga na Newala, vingepata njia ile ile ya Maandiko waliyopitishwa wao.

Soma pia Zaburi 88. Aliyeiandika hana amani, haoni nuru, na zaburi inakwisha gizani bila jibu. Lakini anamwita Mungu kwa jina tangu mstari wa kwanza, na anaendelea kumwita. Zaburi hii imo katika Biblia kwa ajili ya washiriki ambao kipindi cha ushuhuda huwaumiza, kwa sababu wao hawajawahi kuota wala kusikia wala kuhisi, na wameanza kudhani kwamba Mungu hawajui. Mwalimu wa darasa awatafute juma hili. Wapo katika kila darasa, na kwa kawaida hawasemi.

Maswali ya Kujadili:

1. Baadhi ya wapiganaji wa Maji Maji walipoona wenzao wanaanguka walielezwa kwamba hao walivunja masharti ya dawa. Je, umewahi kusikia maelezo ya namna hiyo kanisani, mgonjwa aliyeombewa asipopona? Dai ambalo haliwezi kuonekana kuwa na kosa hata litokee nini, lapimwaje?

2. Yohana 7:17 inafundisha kwamba anayependa kuyatenda mapenzi ya Mungu atajua kuhusu mafundisho ya Yesu. Ni mambo gani kumhusu Mungu ambayo mtu hawezi kuyajua mpaka ayatende? Toeni mifano kutoka katika maisha ya darasa lenu: fungu la kumi, Sabato wakati wa msimu wa korosho, kumsamehe jirani.

3. Eli alikuwa mtu mwenye makosa makubwa, na bado Samweli alihitaji msaada wake. Darasa lenu lina wazee wa namna gani, na vijana wanawaendea wanapopata jambo wasilolielewa? Kama hawaendi, ni nini kinachowazuia?

4. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi anawaambia kwamba ameombewa na amepona, na kesho ataacha dawa. Semeni kwa maneno halisi mtakavyomjibu, mkianza na sentensi ya kwanza kabisa.